Kibali si kipimo: madini ya risasi, viwanda, na haki ya mkazi kuuliza

Risasi inayozungumziwa hapa si ile ya bunduki, ingawa bunduki iliazima jina kutoka kwa madini haya. Ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, na ni vigumu kupata mtaa wa Mombasa usiokuwa nayo. Imo ndani ya betri ya matatu na ya tuktuk, na ndani ya betri nyingi za sola. Ndiyo chubwi ya mvuvi. Iliwahi kuwa ndani ya petroli. Imo pia katika rangi za mafuta zilizopakwa miaka mingi iliyopita kwenye milango, mageti na madawati ya shule, hasa zile za manjano, nyekundu na kijani zinazong'aa.

Wakazi wanapolalamika kuhusu moshi wa karakana au harufu ya kiwanda, jibu wanalopewa mara nyingi ni fupi: "Tuna kibali." Huenda ni kweli. Lakini kibali ni karatasi inayosema kwamba shughuli fulani imeruhusiwa kwa masharti fulani. Kipimo ni namba iliyotoka maabara baada ya mtu kuchukua udongo, hewa, maji, rangi au damu na kuichunguza. Mkazi anayejua tofauti hiyo anajua pia la kuuliza, na amuulize nani. Tumechagua risasi kama mfano kwa sababu jimbo la Pwani limeilipia gharama kubwa.

Risasi hufanya nini mwilini

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi. Ikiingia, mwili huichukulia kama kalsiamu na kuihifadhi ndani ya mifupa na meno, na huko inaweza kukaa miaka mingi. Mama mjamzito aliyeila utotoni anaweza kumpitishia mwanawe tumboni, kwa kuwa wakati wa mimba mifupa hutoa kalsiamu yake na risasi hutoka pamoja nayo.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kiasi ambacho mtu mzima hufyonza kutoka chanzo kile kile. Naye ndiye anayetambaa sakafuni, anayetia vidole mdomoni, anayecheza mchangani. Ubongo wake bado unajengwa. Risasi hupunguza uwezo wa kujifunza, wa kutulia na wa kukumbuka. Kwa kiwango cha juu huleta maumivu makali ya tumbo, upungufu wa damu, degedege na hata kifo. Kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo.

Tatizo ni kwamba kwa kiwango cha chini haionekani. Hakuna upele, hakuna homa. Mtoto anakuwa mzito darasani, mwalimu anasema ni mtundu, mzazi anasema ni mvivu. Bila kupima damu hakuna daktari anayeweza kujua, hata awe bingwa.

Kiwango "salama" kimekuwa kikishuka

Watu wengi hudhani kwamba wanasayansi waliketi siku moja, wakapima, wakaweka mstari na kusema chini ya hapa ni salama. Sivyo ilivyokuwa. Nchini Marekani, katika miaka ya 1960 mtoto alihesabiwa kuwa hana neno hadi damu yake ifikie mikrogramu 60 za risasi kwa desilita moja. Kufikia 1991 mstari ulikuwa umeshuka hadi 10, mwaka 2012 ukawa 5, na 2021 ukawa 3.5. Watoto hawakubadilika. Vipimo ndivyo vilivyoboreka, na kila vilipoboreka madhara yalionekana chini zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa 2021 unasema damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Hali hii si ya risasi peke yake. Marekani ilipopitisha sheria yake kuu ya kemikali za viwandani mwaka 1976, kemikali zipatazo 62,000 zilizokuwa tayari sokoni ziliruhusiwa kuendelea bila kupimwa upya. Sheria hiyo haikufanyiwa marekebisho makubwa hadi 2016. Umoja wa Ulaya ulibadili mwelekeo mwaka 2007: anayetaka kuuza kemikali ndiye anayepaswa kuleta takwimu za usalama wake, na asiyeleta hauzi. Kenya haina maabara za kupima upya kila kemikali inayoshushwa Kilindini, kwa hiyo hutegemea sana viwango, mikataba ya kimataifa na karatasi zinazoambatana na mzigo. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu mkazi asiache maswali kwa wataalamu pekee.

Petroli ndiyo mfano wa mambo kwenda vizuri. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuondoa risasi kwenye petroli, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeacha kuiuza. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha 2021. Hakuna gari lililosimama kwa sababu hiyo.

Owino Uhuru

Betri za magari hazikufuata njia hiyo, na haingewezekana zifuate, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi na bado hakuna kilichochukua nafasi yake kwa bei ile. Betri ikifa, risasi iliyomo haifi. Huyeyushwa na kutumika tena. Kazi hiyo ina faida kwa nchi ikifanywa ndani ya mitambo iliyofungwa, yenye vichujio vya moshi na mabwawa ya kutibu asidi. Ikifanywa vinginevyo, moshi wake huanguka kama vumbi juu ya mapaa, kwenye mitungi ya maji, kwenye nguo zilizoanikwa.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi katika kijiji cha Owino Uhuru, Jomvu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu wapatao 3,000. Kilikuwa chini ya mpango wa viwanda vya kuuza bidhaa nje ya nchi. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia ripoti ya athari kwa mazingira. Wataalamu walipendekeza kiwanda kihamishwe mbali na makazi. Pendekezo hilo halikufuatwa. Baadaye mwanawe mchanga aliugua, na damu yake ilipopimwa ilikutwa na risasi. Ni kipimo hicho, wala si moshi ambao kila mtu aliuona, kilichogeuza mambo. Wakazi wengine wakaanza kupimwa. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2015 Bi. Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kesi ilifunguliwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa. Mnamo Julai 2020 mahakama iliamua kwamba haki za wakazi, ikiwemo ya mazingira safi na salama chini ya Kifungu cha 42 cha Katiba, zilikuwa zimevunjwa. Iliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3, na eneo lisafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kulisafisha. Lawama iligawanywa baina ya wenye kiwanda na taasisi za serikali, NEMA ikiwa miongoni mwao. Mahakama ya Rufaa ilitengua malipo hayo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi wa kwanza.

Hesabu miaka: kiwanda kilifanya kazi miaka saba, na kesi ikapita ngazi tatu za mahakama ndipo ikaisha, miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa. Mtoto aliyezaliwa kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 uamuzi wa mwisho ulipotoka. Mahali pengine hasara ilikuwa ya vifo. Huko Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar, watu walipepeta mchanga wenye mabaki ya betri ili wauze risasi, na watoto 18 wakafa kati ya 2007 na 2008 kabla chanzo hakijatambuliwa.

Nani hukagua nini

Mkazi akiuliza "serikali iko wapi?" hupewa majina mengi, na mara nyingine ofisi moja humtuma kwa nyingine. Tueleze kama ilivyo.

NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ndiyo inayotoa leseni ya mazingira chini ya sheria ya 1999. Kabla ya kiwanda kama cha betri kujengwa, mwenye mradi hutakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, tangazo litolewe, na majirani wapewe muda wa kutoa maoni. Kikishaanza kazi, hutakiwa kuwasilisha ripoti ya ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Jambo moja watu hawalijui: mtaalamu anayeandika ripoti hizo husajiliwa na NEMA, lakini hulipwa na mwenye kiwanda. Si kwamba ripoti zake ni za uongo. Ni sababu ya kuzisoma, na hasa kutazama kama ndani yake mna namba za vipimo au ni maneno matupu kwamba "athari zitadhibitiwa".

Shirika la Viwango nchini, KEBS, hushughulika na bidhaa. Kiwango cha rangi Kenya hakiruhusu risasi zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, yaani miligramu 90 katika kilo moja ya rangi iliyokauka. Ili kupima, mkopo uliofungwa huchukuliwa, rangi hupakwa kwenye kioo au kibao safi ikaachwa ikauke, ikakwanguliwa, ikayeyushwa kwa asidi, kisha mashine ikasoma kiasi cha risasi. Rangi iliyotiwa risasi kwa makusudi ili ing'ae huweza kupita sehemu 10,000, kwa hiyo maabara haihangaiki kuibaini. Kazi ngumu ni kwenda madukani kuchukua sampuli, tena na tena. Alama ya ubora kwenye mkebe nayo ni kibali. Unaweza kuithibitisha kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari ya kibali kwenda 20023, lakini ujue kwamba unachothibitisha ni kwamba kibali kipo. Kama mkebe huu ulio mkononi mwako umepimwa, hilo ni swali jingine.

Ndani ya kuta za kiwanda, wafanyakazi huangaliwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini chini ya sheria ya 2007. Sheria hiyo inataka kila kemikali hatari iwe na karatasi ya maelezo ya usalama wake, na mfanyakazi ana haki ya kuiona. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye tawi Mombasa, huchunguza sampuli zinazopelekwa na taasisi mbalimbali, pamoja na zile zinazohitajika mahakamani.

Na kaunti? Kwa mujibu wa Katiba, kaunti ndiyo yenye huduma za afya, udhibiti wa uchafuzi wa hewa, mipango ya matumizi ya ardhi na leseni za biashara. Kwa hiyo karakana ndogo ya betri iliyo nyuma ya nyumba yako, ambayo pengine NEMA haijawahi kuisikia, iko mikononi mwa afisa wa afya ya umma wa wadi. Yeye anaweza kuikagua, kuiandikia ilani na kuifikisha mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Leseni ya biashara ya kaunti haisemi chochote kuhusu usalama wa moshi. Mwenye karakana anayekuonyesha leseni hiyo kama jibu la malalamiko yako hajakujibu.

Nyumbani na kazini

Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila shida. Ndiyo maana chubwi hutengenezwa nyumbani, mara nyingine kwa sufuria ile ile ya kuchemshia chai. Mvuvi, fanya kazi hiyo nje, mbali na watoto, upepo ukiwa mgongoni, kwa chombo kisichorudi jikoni kamwe. Fundi wa betri usipasue betri kwa shoka ili upate sahani zake. Iuze nzima kwa mnunuzi mwenye leseni ya taka hatari. Asidi ukiimwaga mtaroni huondoka na risasi ndani yake. Badili nguo kabla hujamshika mtoto, kwa sababu watoto wengi wa mafundi hupata risasi bila kukanyaga karakana. Baba ndiye aliyewaletea kwenye shati.

Rangi ya zamani isiyobanduka si hatari kubwa. Hatari huanza fundi anapoipiga msasa mkavu na vumbi likatanda nyumba nzima. Lowesha kwanza, kwangua ikiwa mbichi, kusanya mabaki, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Shule zinazopaka madawati upya wakati wa likizo zizingatie hili kabla hata ya kuchagua rangi.

Kuna jambo jingine ambalo si la kiwandani lakini haliwezi kuachwa katika makala ya Pwani: wanja. Baadhi ya wanja unaouzwa bila jina la mtengenezaji, ukiwemo unaoitwa wanja wa manga, hutokana na jiwe ambalo lenyewe ni risasi na salfa. Kumpaka mtoto mchanga machoni ni desturi ya mabibi zetu na haikuwa na nia mbaya. Hata hivyo mtoto hujifuta macho, kisha hunyonya vidole. Kama hujui wanja wako umetoka wapi, usimpake mtoto.

Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama dagaa, maharagwe, mchicha na maziwa, hupunguza kiasi cha risasi ambacho mwili wa mtoto hufyonza. Si dawa. Zipo dawa za hospitali za kuitoa risasi mwilini, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unazipendekeza kwa mtoto ambaye damu yake imefika mikrogramu 45 kwa desilita, lakini hazirudishi akili iliyokwisha kupotea, na mtoto akirudi kwenye vumbi lile lile damu yake hupanda tena.

Ukitaka kuuliza

Anza na afisa wa afya ya umma wa wadi yako, au ofisi ya NEMA ya kaunti. Peleka mambo matatu: mahali hasa, saa na siku ambazo moshi au maji machafu hutoka, na umbali kutoka nyumba au shule iliyo karibu. Picha husaidia. Usiulize tu kama kiwanda kina leseni. Uliza leseni hiyo ina masharti gani, ripoti ya ukaguzi ya mwaka uliopita iko wapi, ni nini kilichopimwa, lini, wapi, na maabara gani. Kama mtoto wako anaishi karibu na karakana ya betri, mwambie hivyo daktari kwa maneno yako mwenyewe, kwa sababu kipimo cha risasi hakimo katika vipimo vya kawaida vya damu na hakitafanywa bila kuombwa.

Leseni ya mazingira ikitolewa na wewe hukubaliani nayo, unaweza kukata rufaa mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60, kwa hiyo usingoje kiwanda kianze kutoa moshi. Na ukienda mahakamani chini ya Kifungu cha 70 cha Katiba, hulazimiki kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine tayari amepata hasara au ameumia.

Ripoti zilizo mikononi mwa ofisi za umma unaweza kuziomba chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari hizo zinahusu uhai wa mtu. Ukinyimwa, unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi lenyewe halitozwi ada, ila unaweza kutozwa gharama ya nakala. Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na kwa asiyejua kuandika, afisa wa ofisi hiyo anapaswa kulipokea kwa mdomo, aliandike, na ampe nakala.